Sura ya Sita: Imani Inayoanzia Msibani

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, Katoro na Nyarugusu, kuna swali linaloulizwa mara kwa mara, na mara nyingi kwa sauti ya chini. Mtu alikuwa hakanyagi kanisani. Akafiwa na ndugu yake, au akanusurika kufukiwa na kifusi, na Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya watu akasema amekata shauri kumfuata Yesu. Je, huyo ameamini au ameogopa tu? Wazee wa kanisa huliuliza wanapopanga mafundisho ya ubatizo. Wake huliuliza juu ya waume zao. Na mhusika mwenyewe huliuliza miezi michache baadaye, hofu inapopungua na maisha yanaporudi kama yalivyokuwa. Jibu ninalolitetea katika sura hii ni kwamba msiba unaweza kumleta mtu kanisani lakini hauwezi kumlea. Kinachomlea ni kumbukumbu inayoshikwa na watu wengi pamoja kwa miaka, na Ukristo wenyewe umejengwa juu ya kumbukumbu ya namna hiyo.

Tarehe ambazo ukanda huu hauzisahau

Kabla kalenda za ukutani hazijafika Usukumani, wakati ulihifadhiwa katika watu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa aliitwa Mayala, wa wakati wa mvua akaitwa Mabula, na hadi leo majina hayo yanajaa kwenye madaftari ya mahudhurio shuleni. Siku hizi tunahesabu kwa tarehe, na nyingi kati ya hizo ni za huzuni. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya abiria. Wengi wao wamezikwa Igoma, na ibada ya kuwakumbuka hufanyika pale. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe iliangusha nyumba katika kijiji cha Mwakata, Kahama, na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wao wakiwa wamelala. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Januari 2024 mgodi wa Ng'alita, wilayani Bariadi, uliporomoka na kuua zaidi ya wachimbaji 20.

Kati ya tarehe hizo zipo zilizochanganya kilio na vigelegele. Tarehe 5 Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika eneo la Nyangarata, Kahama. Tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye, watano walipatikana hai ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Walikuwa wameishi kwa kula vyura na wadudu na kunywa maji yaliyochuruzika kwenye miamba. Mwenzao mmoja alikuwa amefia humo humo. Tarehe 26 Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa Nyarugusu, mkoani Geita, na baada ya siku tatu wote wakatolewa wakiwa hai. Siku ya pili baada ya MV Nyerere kupinduka, fundi wake mmoja alikutwa hai ndani ya chombo hicho.

Siku kama hizi huvunja hesabu ambazo mtu anaishi nazo bila kuzitaja. Mchimbaji mdogo huamka akijua kwamba matimba, yaani magogo yanayozuia kuta za duara, yamewekwa sawasawa, mwenzake wa juu yuko macho na kamba ni nzima. Hesabu hiyo ni ya lazima, kwa kuwa bila hiyo hakuna anayeweza kushuka. Siku hesabu hiyo inapovunjika, mtu hutambua kwamba uhai wake haukuwa mikononi mwake hata siku zile mambo yalipokuwa shwari. Utambuzi huo ni wa kweli, na haugeuki kuwa uongo kwa sababu umekuja pamoja na hofu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema imani ya msibani ni hofu tupu. Mtu anaweza kuogopa na wakati huo huo akawa ameona sawasawa. Swali gumu zaidi ni anachokifanya na alichokiona, kesho yake na mwaka unaofuata.

Siku moja haijawahi kutosha

Mwanahisabati Mfaransa Blaise Pascal anajulikana hata katika masomo ya fizikia ya sekondari, kwa sababu kipimo cha shinikizo kinaitwa kwa jina lake. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, akiwa na miaka 31, alipata saa kama mbili za kuhisi uwepo wa Mungu zilizobadili maisha yake yote. Aliandika maneno machache kwenye karatasi, akaishonea ndani ya bitana ya koti lake, na hakuna aliyejua habari zake mpaka ilipokutwa humo alipofariki mwaka 1662. Mtu mwenye akili kama ile alihitaji karatasi ya kumkumbusha kwa sababu alijua kwamba moyo husahau, hata ukiwa umeguswa kwa namna ya ajabu. Usiku ule ulikuwa mmoja. Karatasi ilikaa karibu na mwili wake kwa takriban miaka minane.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mjini Shinyanga kuna kata inayoitwa Kambarage, na uwanja wa mpira wenye jina hilo hilo, jina la utotoni la Mwalimu Nyerere. Mwalimu alibatizwa Desemba 1943 akachukua jina la Julius. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa amefariki mwaka 1942. Mhubiri mwenye haraka angeweza kuunganisha tarehe hizo mbili na kupata ushuhuda mzuri wa dakika tano: baba kafa, mwana kaongoka. Lakini tarehe kukaribiana si ushahidi kwamba moja imeizaa nyingine, na Mwalimu alikuwa ameanza kujifunza dini tangu akiwa mwanafunzi, miaka mingi kabla ya msiba ule. Naleta habari hii ili tuwe waangalifu na shuhuda. Tunapenda hadithi ya siku moja kwa sababu inasimulika kwa urahisi, tukasahau miaka ya kusoma, kuuliza na kusitasita.

Makanisa ya zamani ya ukanda huu yalilijua jambo hili. Wamisionari wa Afrika, mapadre wanaoitwa pia White Fathers, walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1883, na Ushirombo mwaka 1891. Hawakumbatiza mtu siku aliyolia. Walimpitisha kwenye ukatekumeni, yaani kipindi kirefu cha mafundisho kabla ya ubatizo, kilichochukua miaka. Kanisa la Africa Inland, AICT, ambalo hospitali yake ya Kolandoto ilianza mwaka 1913 nje kidogo ya Shinyanga mjini, nalo hutofautisha kukata shauri na kubatizwa, na kati ya hayo mawili kuna darasa. Leo yapo makusanyiko yanayobatiza wiki ile ile, na haraka hiyo naiona ni kosa. Aliyefiwa hahitaji kuharakishwa. Anahitaji watu watakaokuwapo machozi yatakapokauka na maswali yatakapoanza.

"Nani kamuua?"

Kati ya maswali hayo, moja lina uzito kuliko yote, na hapa sina budi kusema wazi. Katika ukanda huu, kifo cha ghafla huamsha maswali mawili. La kwanza ni la daktari na mkaguzi wa migodi: nini kimemuua? Matimba yalioza, mvua ilijaza duara, hewa ilikwisha. La pili huulizwa usiku, wageni wakishaondoka: nani kamuua? Ni jirani gani aliyemwonea wivu, ni mwenye duara gani aliyetaka damu ili dhahabu itoke? Mganga hupiga ramli, na ramli hutoa jina.

Jina hilo limegharimu maisha. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa Shinyanga, Geita na mikoa jirani kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu unaotokana na miaka ya kupikia moshini. Kuanzia karibu mwaka 2007 watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, kwa imani ya uongo kwamba viungo hivyo huleta bahati migodini na ziwani. Watoto wenye ualbino walilazimika kuhamishiwa shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, ili wawe salama. Baadhi ya waliowashambulia vikongwe walikuwa wafiwa. Walikuwa na kumbukumbu, tena kali, lakini ilikuwa kumbukumbu inayotafuta mshitakiwa.

Hapa ndipo ninapoona mabadiliko makubwa ambayo imani ya Kikristo inaweza kuyaleta kwa aliyefiwa, makubwa kuliko machozi ya madhabahuni. Mtu aliyeamini kweli msibani hutambulikana kwa swali aliloliacha. Akiendelea kumtafuta mchawi wa kaka yake huku akiimba kwaya, siku yake ya kugeuka bado haijafika. Akisimama mbele ya ukoo na kusema kwamba hakuna bibi atakayeguswa kwa ajili ya kifo hiki, basi kuna jambo limetokea ndani yake ambalo hofu haiwezi kulifanya. Hofu humsukuma mtu upande wa wengi. Kumlinda mtuhumiwa kunamweka peke yake.

*Kwa ufupi hadi hapa:* siku ya msiba inaonyesha ukweli kuhusu uhai wetu. Siku hiyo peke yake husahaulika au hupotoka. Dalili ya kwanza ya imani ya kweli kwa aliyefiwa ni kuacha kutafuta wa kulaumiwa.

Mnara wa Siloamu

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mjane. Mchimbaji aliyeokolewa anasimama kanisani na kusema Mungu alimkumbuka, watu wanapiga makofi. Kwenye benchi la nyuma ameketi mwanamke ambaye mumewe alikuwa katika duara lile lile na hakutoka. Kama Mungu alimkumbuka huyu, yule alimsahau? Hakuna ushuhuda unaostahili kusikika kama hauwezi kusemwa mbele ya mwanamke huyo.

Injili ya Luka, sura ya 13, ina habari ambayo ningependa isomwe katika kila kanisa la mgodini. Watu walimletea Yesu habari za waliouawa, naye akawakumbusha ajali waliyoijua wote: mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Akauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawageuzia swali wale waliokuwa hai, akawataka watubu. Hakutaja mchawi wala hakutaja dhambi ya siri ya waliokufa. Alikataa katakata kuufanya mporomoko kuwa hukumu juu ya waliofukiwa.

Tukilipokea jibu hilo, ushuhuda unabadilika. Aliyetoka hai hana cheti kwamba anapendwa kuliko aliyebaki chini. Ana deni. Wale watano wa Nyangarata hawakuwa na haki zaidi ya mwenzao, na wachimbaji 15 wa Nyarugusu hawakuwa watakatifu kuliko wale wa Ng'alita. Anayeweza kusema "nilitoka, mwenzangu hakutoka, na sijui kwa nini, naomba mnisaidie kuishi ipasavyo" ametoa ushuhuda wa Kikristo hata kama hajamaliza katekisimu. Na anayesema alipona kwa sababu imani yake ilikuwa kubwa amemwumiza mjane na, naamini, amelipotosha neno la Bwana wake.

Hatari ya imani inayoahidi kwamba muumini hatafikwa na hasara si ya nadharia. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika ibada, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Walikwenda kutafuta kinga. Wao pia wamo katika lile jibu la Siloamu: hawakuwa wakosefu kuliko sisi. Ila ahadi ya kinga haikutoka kwa Kristo, ambaye mwenyewe hakukingwa na msalaba.

Kumbukumbu ni kazi ya watu wengi

Tazama jinsi msiba unavyokwenda katika mtaa wowote wa Shinyanga, uwe Kambarage au Ngokolo. Turubai hufungwa, viti hukodiwa, daftari la rambirambi huzunguka, wanawake hupika na wanaume hukesha nje. Kwa siku chache mfiwa habaki peke yake hata dakika moja. Halafu tanga huondolewa, na turubai linapofunguliwa watu huenda. Kuna arobaini, pengine kuweka msalaba kaburini baada ya mwaka, na basi. Upweke mkubwa huja kati ya tarehe hizo, katika mwezi wa tatu au wa saba, wakati hakuna anayeuliza tena.

Kwenye makazi ya wachimbaji hali ni ngumu zaidi. Rwamgasa, Mgusu au Katoro, mchimbaji anaweza kuwa ametoka Kigoma, Mara au Singida. Akifa, wenzake huchanga na mwili husafirishwa kwao, na duara linaendelea. Hakuna ukoo wa kushika tarehe yake pale alipofanya kazi na kupata marafiki. Kwa sababu hiyo makanisa ya mabati na maturubai yanayoota kando ya kila machimbo mapya yana kazi kubwa kuliko wanavyodhani wanaoyabeza. Yanaweza kuwa ukoo wa wasio na ukoo, kwa sharti moja tu: yakumbuke.

Kukumbuka ndiyo amri ya wazi ambayo Yesu aliiacha usiku wa kuamkia kifo chake. Aliumega mkate, akawataka wanafunzi wafanye hivyo kwa kumkumbuka. Wakatoliki huita tendo hilo Ekaristi, na Waprotestanti wengi huita Meza ya Bwana. Wiki baada ya wiki, Wakristo hukutana kumkumbuka mtu aliyeuawa, nao humkumbuka kwa kula pamoja. Luka anasimulia pia juu ya wanafunzi wawili waliokuwa wakitembea kwenda Emau siku ya tatu baada ya msiba ule, wamekata tamaa, wakisimuliana yaliyotokea. Mgeni aliyeungana nao hakuwatajia jina lake njiani. Walimtambua kuwa ni Yesu mezani, alipoumega mkate. Imani yao ilirudi katika kukumbuka kwa pamoja, na usiku ule ule wakarudi Yerusalemu kwa wenzao.

Msomaji Msukuma anaweza kusema kwamba kukumbuka wafu si jambo lililoletwa na wamisionari. Ni kweli. Wahenga, masamva, waliheshimiwa na kutambikiwa hapa vizazi vingi kabla ya 1883, na watu waliokwisha kujua kwamba wafu hawapaswi kusahauliwa walikuwa wamekaribia Injili kuliko walivyodhaniwa. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alilielewa hilo miaka ya 1950 alipoanzisha Bujora, karibu na Kisesa, kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma, ambalo baadaye lilipata makumbusho ya utamaduni kando yake. Sherehe ya Bulabo, yenye mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, huambatana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, yaani sikukuu ya mkate wa ukumbusho. Tofauti ipo, hata hivyo, na haifai kufichwa. Mzimu uliosahauliwa hukasirika na kudai. Marehemu wa Kikristo amekabidhiwa kwa Mungu na hadai chochote. Wakatoliki humwombea, AICT na Wapentekoste hawafanyi hivyo, wao humshukuru Mungu kwa maisha yake na kuwaombea waliobaki. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba hatumkumbuki kwa kumwogopa.

Kanisa au jumuiya ndogo ndogo inayotaka kuilea imani iliyoanzia msibani inaweza kuanza na mambo haya:

- Kuandika tarehe ya kila kifo katika daftari, hata cha mtu ambaye hakuwa muumini.
- Kumtembelea mfiwa mwezi wa tatu na wa saba, bila kuishia kwenye arobaini wala kusubiri mwaka.
- Kumpa aliyeongoka msibani mwenzake mmoja wa kusoma naye Injili, kabla ya kumpa kipaza sauti.
- Kumlinda waziwazi yeyote anayetajwa kwa uchawi kutokana na kifo hicho.

Jambo la mwisho ndilo gumu na ndilo linalosahaulika mara nyingi.

"Lakini hiyo si faraja tu?"

Wapo wanaosema haya yote yanaonyesha tu kwamba dini ni dawa ya maumivu, na kwamba mtu akiumia ataamini chochote. Nakubali sehemu moja. Faraja haithibitishi kwamba jambo ni la kweli. Mganga naye hufariji. Lakini namna mtu alivyofika kwenye imani nayo haithibitishi kwamba ni ya uongo. Aliyejua njia ya kutoka kwenye duara kwa sababu aliogopa na kutafuta, bado ameijua njia. Isitoshe, kama Wakristo wa kwanza wa Uganda walitafuta faraja rahisi, walichagua vibaya. Mashahidi wa Uganda waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 wangeweza kujifariji kwa kunyamaza. Kumbukumbu yao huwakusanya watu wa Afrika Mashariki kila mwaka hadi leo, na wengine hutembea kwa miguu majuma mazima kufika pale.

Wapo pia waliofiwa wakapoteza imani waliyokuwa nayo. Hao wasikemewe. Zaburi zimejaa maombolezo, yaani sala za kulia na kumlalamikia Mungu, na nyingine huisha bila jibu. Kitabu kinachohifadhi vilio hivyo kama sala kina nafasi ya mtu asiyeweza kuimba mwaka huu. Rafiki za Ayubu walifanya vema walipoketi naye kimya siku saba. Waliharibu walipoanza kueleza kwa nini.

Kwa hiyo kwa yule anayeuliza kama ameamini au ameogopa, namjibu kwamba asiipime siku ile. Aupime mwaka uliofuata: ameacha kumtafuta nani, anawakumbuka akina nani, na anakula mezani na nani. Na wewe mwenye jumuiya katika ukanda huu, chukua daftari wiki hii. Muulize mjane aliye karibu nawe tarehe ya kifo cha mumewe, iandike, na siku hiyo ikifika mwende mkiwa wawili au watatu, na chakula mkononi.